Oslo: mto uliopata jina kutoka kwa muji

Wenzangu, tukiuliza jina la muji linatoka wapi, mara mingi tunajibiwa: "Linatoka kwa mto." Mara mingi ni kweli. Lakini kwa Oslo, muji mukuu wa Norwe, jibu hilo lilipoteza watu kwa muda murefu.

Mwanzoni mwa karne ya 17, mwandishi Peder Claussøn Friis alieleza kwamba Oslo maana yake ni "mudomo wa mto Lo". Ilionekana sawa. Neno *os* kweli ni mudomo wa mto, pahali maji yanaingia baharini, na mto kweli uko pale. Watu wakaamini, na sehemu ya chini ya mto huo ikaitwa Loelva, ni kusema "mto Lo".

Shida iko wapi? Ziko mbili. Ya kwanza: jina Lo halionekani katika maandiko yoyote mbele ya Friis. Mto wenyewe ni Alna. Ya pili: sarufi inakataa. Kinorwe cha zamani kinatanguliza jina la mto, *os* inakuja nyuma. Kwa mufano, Trondheim zamani uliitwa Nidaros, mudomo wa mto Nid. Kwa njia hiyo, mudomo wa Lo ungekuwa Loaros, hapana Oslo. Kumbe ni muji uliopatia mto jina!

Sasa Oslo ni nini? Wataalamu wanapatana juu ya *lo*: ni uwanja wa majani, malisho. Juu ya *Os* wanagawanyika. Wengine wanasema ni kilima, maana Ekeberg iko pale pale. Wengine wanasema ni mungu. Basi ni "malisho chini ya kilima" ao "malisho ya miungu".

Jina lenyewe lilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1624 muji uliungua. Mufalme Christian IV akaamuru ujengwe upya karibu na ngome ya Akershus, akauita Christiania. Oslo likabaki jina la pahali pa zamani tu, mpaka tarehe 1 Januari 1925 muji wote uliporudishiwa jina lake. Leo pale pa zamani panaitwa Gamlebyen, "muji wa zamani".

Kwa hiyo, mbele ya kuweka maana ya jina ndani ya TFC yako, uliza maswali mawili: neno hili linaonekana mara ya kwanza wapi? Na sarufi ya lugha yake inakubali? Maelezo yanaweza kuwa matamu, na mto ukawa uko pale, lakini jina likawa limetoka pengine.