Mvua Haimngoji Mwenye Trekta

Bahati ni nchi ya miteremko. Iko kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, upande wa mashariki wa Menengai, na mashamba yake hupanda kuelekea msitu wa Bahati. Zamani sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, yakagawanywa, na leo wakulima wengi wana eka chache tu.

Mgawanyo huo umeleta jambo ambalo mgeni hawezi kulitambua upesi. Mwenye eka 3 hanunui trekta, bali hukodi. Majirani zake nao hukodi trekta zile zile. Basi kila mtu akingoja mvua inyeshe ndipo atafute trekta, foleni huwa ndefu, na wa mwisho hulimiwa shamba lake wakati mahindi ya wa kwanza yamekwisha kuota.

Watu wengi hudhani kwamba kuchelewa majuma mawili si neno, maadamu mbegu ni nzuri na mbolea ipo. Sivyo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichunguza udongo uliokauka kisha ukapata maji. Aliona kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka ghafula, hula mabaki ya majani na mizizi, na kutoa chakula cha mimea kwa wingi, hasa naitrojeni. Wingi huo haudumu. Mvua ikizidi, chakula hicho huchukuliwa na maji mpaka chini, mahali ambapo mizizi michanga haifiki. Aliyepanda mapema hukipata. Aliyechelewa hukuta kimekwisha kwenda.

Fundisho kama hilo lilipatikana Kitale katika miaka ya 1960, katika majaribio ya mtaalamu A. Y. Allan. Mahindi ya kienyeji yasiyotiwa mbolea, lakini yaliyopandwa mapema, kwa nafasi nzuri, na kupaliliwa kwa wakati, yalizaa kuliko mbegu chotara zilizotiwa mbolea lakini zikacheleweshwa na kuachwa katika magugu. Hii si kusema kwamba mbegu chotara ni mbaya. Mbegu hizo zilianza kutolewa Kitale mwaka 1964, na zilipopata matunzo mema ndizo zilizozaa kuliko zote. Maana yake ni kwamba fedha zilizotumika kununua mbegu na mbolea haziwezi kununua siku zilizopotea.

Kwa hiyo kazi ya trekta yafaa ianze mara baada ya mavuno, kabla ardhi haijawa ngumu kama tofali. Plau hugeuza magugu, jua la Januari na Februari huyaua, na mabua hupata wakati wa kuoza. Mwezi wa Machi haro hupita kuvunja mabonge. Hapo shamba huwa tayari kungoja masika, badala ya masika kulingoja shamba.

Majirani watano au sita wenye mashamba yanayopakana wakipatana kulimiwa siku moja, wote hupata faida. Katika kishamba kidogo trekta hupoteza muda mwingi kwa kugeuka na kusafiri, na dereva huona afadhali kwenda kwenye kazi kubwa. Lakini yapasa wamwambie dereva alime kwa kukingama na mteremko. Madereva wengine hupenda kulima kwa kupanda na kushuka. Kila mfuo wa namna hiyo huwa mfereji, na mvua ya kwanza hushuka na udongo ulio bora. Mahali penye mteremko mkali mno, trekta isipelekwe kabisa.

Mvua ikisha kulowesha ardhi vizuri, mbegu zitiwe bila kukawia. Mistari iachane kwa sentimita 75, na mashimo kwa sentimita 30, mbegu moja kila shimo. Kwa nafasi hiyo eka moja huchukua miche kama 18,000, na mbegu kilo 10 zatosha.

Wakati wa mavuno pia una saa yake. Mahindi ya nchi za juu hukaa shambani miezi sita au zaidi, na mara nyingi yanapokauka, mvua za mwisho wa mwaka nazo zimekaribia. Mashine ya kupukuchua ikilishwa mahindi mabichi, huvunja punje, na ukungu huingia penye ufa. Baadhi ya ukungu huo hufanya sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kipimo cha ghala ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na chombo cha kupimia aweza kuanza kwa chupa: atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise, kisha aiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yangali mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, lakini yafaa yaongezewe jua kabla ya kuyatia ghalani.

Chelewa chelewa, walisema wazee, utakuta mwana si wako. Aliyelimiwa mwezi wa Januari hulala bila wasiwasi usiku ule ngurumo ya kwanza inaposikika juu ya msitu. Asubuhi hana haja ya kumtafuta dereva. Huchukua kamba, jembe na mbegu, akaenda shambani.