Kijana wa Mtwara Aliyefika Vancouver

Wanangu wa Masasi na Newala, kabla sijasimulia, nileteeni soksi moja iliyochoka. Tuijaze matambara mpaka ikaze, tuivishe mfuko wa nailoni, kisha tuizungushie kamba, moja hivi, nyingine vile, mpaka mafundo yakae kama maganda ya nanasi. Huo ndio mpira wa chandimu. Haudundi, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe, na ukiupiga kwa dole gumba utaukumbuka mpaka kesho. Lakini unakufundisha kuusukuma kwa akili, maana nguvu peke yake haziufikishi popote. Wachezaji wengi wa nchi hii walianzia kwenye mpira kama huo, chini ya mikorosho, magoli yakiwa ndala mbili huku na ndala mbili kule.

Leo nawasimulia habari za mtu wa mkoa wetu. Anaitwa Nizar Khalfan, na alizaliwa Mtwara tarehe 21 Juni 1988. Mtwara mnaijua: ni kule pwani barabara inakoishia, kama kilomita 200 kutoka Masasi. Ukitokea Newala, basi linapita Tandahimba, likiteremka taratibu kuuacha uwanda wa Makonde na ukungu wake, mpaka joto la bahari likupige usoni.

Nizar alikuwa kiungo. Kiungo ni nani? Fikirieni mmekaa kuzunguka sinia, na mama anagawa mboga. Anajua nani hajapata, nani ana haraka ya kuondoka, nani amekwisha shiba lakini bado ananyoosha mkono. Kiungo naye huwagawia wenzake mpira hivyo hivyo. Kabla haujamfikia, amekwisha geuza shingo mara mbili kuangalia nani yuko wapi. Mtazameni kiungo yeyote mzuri: tazameni shingo yake kabla ya miguu.

Sasa, kipaji kikiwa Mtwara na Ligi Kuu ikiwa mbali, mtoto anafanyaje? Anasafiri. Msilichukulie neno hilo kirahisi. Zamani basi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linasubiri pantoni ukingoni mwa mto Rufiji, na masika yakichachamaa, barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, Nizar akiwa na miaka 15. Linaitwa Daraja la Mkapa, jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, hapo hapo Masasi kwenu. Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, nao unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu alipofariki mwaka 2020. Kwa hiyo mtoto wa kusini anayekwenda kutafuta maisha ya mpira anavuka jina la mtu wa kwao njiani, na akifanikiwa analikuta tena uwanjani. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Nizar alichezea Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, Morogoro. Msidhani ni timu ndogo: ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999, na tena mwaka 2000. Alichezea pia Moro United, akapita na katika nchi za Kiarabu. Akiwa bado kijana kabisa aliitwa timu ya taifa, Taifa Stars, enzi za kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, aliyekuja mwaka 2006 na kuwapa vijana nafasi.

Halafu ikaja safari ndefu kuliko zote. Mwaka 2009, akiwa na miaka 21, alijiunga na Vancouver Whitecaps ya Canada. Vancouver iko ukingoni mwa bahari ya Pasifiki, na mvua yake ya baridi hunyesha miezi na miezi. Ukungu wa Newala wa mwezi wa saba unawatetemesha? Kule mngetafuta blanketi la pili. Mwaka 2011 timu hiyo iliingia MLS, ligi kuu ya Marekani na Canada, na Nizar akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Mechi ya kwanza, tarehe 19 Machi 2011, Whitecaps waliifunga Toronto 4-2. Mwanzo mtamu, lakini msimu ulipokwisha walikuwa mkiani mwa ligi.

Hapa niwaeleze jambo ambalo watoto hawaambiwi. Katika ligi ile timu inaweza kukuacha, jina lako likawekwa kwenye orodha, na timu nyingine ikakuchukua kwa zamu yake. Wewe huulizwi unapenda mji gani. Mwishoni mwa 2011 Vancouver walimwacha Nizar, wakamchukua Philadelphia Union, upande wa pili kabisa wa bara lile. Huko hakukaa sana. Mwaka 2012 alirudi nyumbani, akavaa jezi ya kijani na njano ya Yanga, na msimu wa 2012/13 Yanga wakatwaa ubingwa.

Wapo wanaodhani kwamba aliyetoka Amerika akarudi ligi ya nyumbani ameshindwa. Nakataa kabisa. Mchezaji hulipwa kwa kucheza, na anayekubali kuanza upya mbele ya watu wanaomjua ana moyo mkubwa. Nizar aliendelea hivyo hivyo, akaenda Mwadui ya Shinyanga, kwenye migodi ya almasi, kisha Singida United.

Miguu ina mwisho wake, wanangu. Fundi seremala akifika miaka 35 ndiyo kwanza anaheshimika; mchezaji wa umri huo goti linamuuma asubuhi, na vijana wa miaka 19 wanampita mbio. Nizar alipotundika viatu aligeukia ukocha, na mpaka Machi 2021 alikuwa kocha msaidizi wa Yanga. Ile shingo iliyozoea kugeuka kuwatafuta wenzake sasa iligeukia vijana wa mazoezini.

Baadaye mambo yalisogea kidogo kwa watoto wa kusini. Ndanda FC, timu yenye jina la Ndanda ya Masasi, ilicheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2014/15 mpaka iliposhuka mwaka 2020, na Simba na Yanga walikuja wenyewe kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Kwa misimu hiyo 6 kocha wa Ligi Kuu alikuwa karibu na mtoto wetu. Lakini wa karibu zaidi na mtoto huyo ni mwalimu wa shule.

Kwa hiyo walimu wa Masasi na Newala, neno hili ni lenu. Mnapochagua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, msiangalie wenye viatu tu. Muiteni na yule aliyesimama peku chini ya mkorosho, mpeni mpira, mtazame shingo yake.