Taa za Kukonyeza na Risiti Zake

Ninazo risiti nne mezani, zote za ugonjwa mmoja. Globu nne za LED, shilingi 14,000. Swichi tatu, 24,000. Ufundi wa kwanza, 20,000. Ufundi wa pili pamoja na konekta, 38,000. Jumla 96,000, na kilichotibu ni konekta. Ukanda mzima wa konekta nilinunua 3,000, tukatumia vipande viwili.

Nyumba iko Tanga, karibu na bahari. Taa ya korido, ya jikoni na ya chumba cha watoto zilikuwa zinakonyeza kuanzia kama saa mbili unusu usiku, mabati yanapoanza kulia kwa kupoa. Zinapepesa mara mbili tatu, zinazima, zinarudi zenyewe. Sebuleni taa shwari. Friji inaunguruma kama kawaida, sakiti breka haijaruka. Maelezo haya yote nilikuwa nayo bure tangu siku ya kwanza. Sikuyatumia, nikakimbilia dukani.

Kwa hiyo naanza na njia isiyo na gharama: kutazama. Ikikonyeza taa moja tu, mkosaji yuko kwenye globu, holda au swichi ya taa hiyo. Zikikonyeza kadhaa kwa pamoja na nyingine ziko sawa, tafuta mahali zinapogawana waya, ambapo mara nyingi ni kiungo cha darini. Zikikonyeza taa zote lakini soketi zinafanya kazi vizuri, nenda kwenye breka ya taa na skrubu zake. Ukiwasha pasi na taa za nyumba nzima zikafifia sana, tatizo linaweza kuwa kwenye mein swichi, kwenye mita au nje kwenye nguzo. Muulize jirani kabla hujamlipa mtu.

Kuna hali moja ya kuikimbia. Taa za upande mmoja zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zinafifia, hasa kwenye nyumba ya fezi tatu, nyutro ya kuingilia imelegea. Umeme wetu ni volti 230, lakini nyutro ikipotea, vifaa vinaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Zima mein swichi, chomoa televisheni na friji, piga simu TANESCO. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita ni wao, na fundi wa mtaani hana ruhusa ya kukata lakiri. Hapo hutakiwi kununua kitu chochote.

Kuhusu globu sina mengi. Nilizozikuta dukani zilianzia 2,000 hadi 4,500, na ile ya 2,000 si kwamba haiwaki. Ndani ya globu ya LED kuna saketi ndogo inayopunguza umeme, na ya bei rahisi hushindwa na joto mapema, hasa ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa. Dalili yake utaijua: inawaka dakika kumi, inazima, inapoa, inawaka tena, kwa mpangilio uleule. Jaribio lake halihitaji hata senti. Chukua globu nzima ya chumba kingine, badilisha nafasi. Ugonjwa ukihama na globu, umeshaujua. Mimi nilinunua nne mpya, nilizofunga zikakonyeza kama za zamani.

Hapo ndipo nikamwita kijana mmoja wa jirani. Alikuja na bisibisi na testa. Akafungua swichi ya korido, akagusisha testa, kitaa chake kikawaka. Akasema, “Mama, umeme unafika hapa. Swichi zimekula chumvi, tubadilishe.” Maneno yalikuwa na mantiki, hewa ya pwani kweli hula skrubu za shaba mpaka zinageuka kijani. Tukabadilisha tatu. Taa zikatulia siku tisa, nami nikamsifia kwa majirani. Siku ya kumi zikakonyeza. Siku hizo tisa zilitokana na kwamba alipovuta waya kwenye swichi, alitikisa kiungo kibovu kilichokuwa darini kikagusana vizuri kwa muda.

Nimeilaumu ile testa kuliko kijana. Testa ya 1,500 inakuonyesha waya wa moto, basi. Nyutro ikikatika, moto bado unafika kwenye holda, testa inawaka, taa haiwaki, na fundi anaapa umeme upo. Tena globu ikiwa mahali pake, testa inaweza kuwaka pande zote mbili za holda. Multimita niliyoiona kwa 25,000 inapima kati ya moto na nyutro, kwa hiyo nyutro iliyokufa inaonekana. Nayo ina ujanja wake: kiungo kilicholegea kinaweza kukupa volti 230 safi wakati hakuna mzigo, zikaporomoka mara taa inapowashwa. Kipimo kifanyike taa ikiwa imewashwa na imeanza kukonyeza. Je, ununue? Kama hujawahi kushika waya, usinunue. Hiyo 25,000 mpe mtu anayejua kuitumia.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, ana leseni ya EWURA na alinionyesha bila kuombwa. Bei yake ilinishtua: 35,000 kutafuta tatizo na kulirekebisha, vifaa mbali. Mafundi wengi hapa hulipwa kwa pointi, yaani kwa kila taa, swichi au soketi wanayofunga. Malipo ya namna hiyo yanafaa nyumba mpya. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, yanamfundisha fundi kubadilisha vitu, kwa sababu kufikiri hakuna pointi.

Kabla hajagusa ngazi aliuliza zaidi ya robo saa. Zipi zinazima? Saa ngapi? Mvua ikinyesha je? Pasi ikiwaka? Kuna harufu? Nikakumbuka kwamba koridoni kulikuwa na harufu kama ya samaki, nami nilikuwa nikiwagombeza watoto kuhusu jikoni. Akatikisa kichwa. “Hiyo si samaki, mama. Plastiki ya vifaa vya umeme ikiungua taratibu hunuka hivyo.”

Alizima mein swichi, akapima kuhakikisha pamekufa, ndipo akapanda darini. Alishuka na kipande cha waya urefu wa kidole. Nyutro mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe tangu nyumba inajengwa. Utepe umekuwa kama lami, shaba imekuwa nyeusi, na ganda la bluu limeyeyuka. Bati likipashwa jua kutwa na kupoa usiku, waya nao hutanuka na kusinyaa, kiungo kikaachia kidogo kidogo. Alikata hadi kwenye shaba safi, akafunga konekta ndani ya kiboksi, akavuta kila waya kuona kama umeshika.

Kabla ya fundi huyu nilikuwa nimeomba makadirio ya kubadilisha waya zote za taa: pointi 16 kwa 15,000 ni 240,000, na vifaa 400,000. Jumla 640,000. Ningelipa, ningepona, lakini ningelipia mara kumi na saba ya tiba. Kazi hiyo ifanyike pale ganda la waya linapomeguka ukilikunja, panya wanapokuwa wametafuna sehemu nyingi, au waya ukikwanguliwa kwa kisu unatoa rangi nyeupe ya alumini chini ya shaba. Fundi apime kwanza kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, globu zikiwa zimetolewa zisiungue. Chini ya megaomu moja, usibishane naye. Nyumba yangu ilivuka kwa mbali.

Ukimwita fundi, mwulize kwanza anatoza kiasi gani kutafuta tu, na mwambie akuonyeshe kilichoungua kabla hujatoa pesa ya kifaa kipya. Zile swichi tatu za zamani fundi wa pili alizipima, zote nzima. Ziko kwenye droo ya jikoni; anayezihitaji aje achukue.