Injini Inapopungukiwa na Nguvu: Ni Mlima au ni Hitilafu?

Magari ya zamani yangali yakitumika katika jiji la Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Land Rover zilizoundwa katika miaka ya 1970 na 1980 hubeba abiria, mazao na watalii, na mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha katika tamasha la Land Rover. Hata hivyo, malalamiko ya aina moja husikika mara kwa mara miongoni mwa madereva: gari halivuti mlimani, injini inatetemeka na kukatakata, hali ambayo mafundi huiita kumisi, na petroli inakwisha upesi.

Mara nyingi tiba hutangulia uchunguzi. Plagi mpya hununuliwa, kisha koili, kisha kabureta, na ugonjwa ukabaki pale pale. Hasara yake si ya fedha peke yake. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na ringi za pistoni zikachakaa kabla ya wakati wake. Aidha, dereva anayelipita lori kwa kutegemea nguvu ambayo injini haina huhatarisha maisha yake na ya wenzake.

Kabla ya kushika spana, hapana budi kulijibu swali moja: je, nguvu imechukuliwa na mlima au na hitilafu? Majibu yake huanzia katika fizikia ya shule ya sekondari.

Mahitaji matatu ya injini

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu. La kwanza ni mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo kinachofaa. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. La pili ni mgandamizo, yaani mchanganyiko huo ushindiliwe na pistoni bila kuvuja. La tatu ni cheche yenye nguvu, itokee wakati unaostahili. Likikosekana moja katika silinda, silinda hiyo haifanyi kazi yake.

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini yenye silinda nne inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huhitaji cheche 4,000 katika dakika hiyo. Si ajabu basi kwamba kasoro ndogo katika waya au plagi hudhihirika mara moja.

Kiasi kinachochukuliwa na mlima

Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Pwani, kanieneo ya hewa ni takriban milimita 760 za zebaki; Arusha ni takriban 640. Kwenye barabara ya msitu inayopanda kutoka Momella hadi kituo cha Miriakamba, karibu na mita 2,500, kanieneo hubaki robo tatu tu ya ile ya pwani.

Injini huvuta hewa kwa ujazo, lakini huchoma petroli kulingana na uzito wa hewa hiyo. Kwa kuwa densiti ya hewa ya Arusha ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini inayotoa kilowati 60 pwani yafaa itarajiwe kutoa 52 hivi Arusha. Kiasi hicho hakiwezi kurudishwa na fundi yeyote kwa kubadilisha plagi.

Kabureta ya kawaida huongeza tatizo la pili. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli inayovutwa hupungua pia, lakini hupungua kwa kipeuo cha pili tu cha densiti. Kipeuo cha pili cha 0.87 ni 0.93 hivi, kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa 14.7 kwa 1 pwani huwa karibu 13.7 kwa 1 Arusha. Petroli inazidi hewa, plagi zinashika masizi, na moshi unaelekea kuwa mweusi. Jeti ndogo zaidi huweza kurekebisha hali hiyo kwa gari linaloishi mlimani. Lakini gari lililofungwa jeti ya namna hiyo likishushwa pwani hupata petroli kidogo mno, na injini huweza kupata joto la kupita kiasi.

Pamoja na hayo yote, mlima una tabia moja inayousaliti: huzipunguzia silinda zote kwa kiasi kimoja. Injini iliyo nzima hupanda kuelekea Momella kwa unyonge, lakini kwa mlio ulio sawa. Injini inayotetemeka, kukohoa au kuruka mpigo ina hitilafu, wala mlima usisingiziwe.

Kuitafuta silinda mbovu

Silinda moja kati ya nne ikifa, robo ya nguvu hupotea, na zaidi ya robo, maana silinda tatu zilizobaki huibeba pistoni ya nne bila malipo. Kuitambua si kazi ngumu. Gari huegeshwa mahali pa wazi, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi inayoua. Breki ya mkono hufungwa na gia huwekwa huru. Injini ikiwa inanguruma polepole, waya za plagi hutolewa moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, na waya iliyotolewa huunganishwa na bodi ya injini. Umeme wake hufikia volti elfu nyingi, hivyo kazi hii ifanywe na fundi au chini ya usimamizi wake.

Waya ya silinda nzima ikitolewa, mwendo wa injini hushuka. Waya ya silinda mbovu ikitolewa, hakuna kinachobadilika. Silinda hiyo ndiyo mgonjwa.

Hatua inayofuata ni kubadilishana, wala si kununua. Plagi ya silinda mbovu huhamishiwa katika silinda nzima, na ya silinda nzima katika ile mbovu. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo yenye kosa. Usipohama, waya hubadilishwa kwa njia hiyo hiyo, na kifuniko cha distributa hukaguliwa kama kina ufa au unyevu. Ugonjwa ukibaki katika silinda ile ile baada ya hayo, shaka inayobaki ni juu ya mgandamizo.

Plagi yenyewe nayo ni shahidi. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu huonyesha uunguaji mzuri. Masizi makavu meusi huonyesha petroli iliyozidi au cheche dhaifu. Utelezi wa oili huonyesha ringi au valvu zilizochakaa. Rangi nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto la kupita kiasi.

Kupima mgandamizo

Hapa ndipo kosa linalogharimu zaidi linapoweza kutokea. Kipimo hufungwa mahali pa plagi, plagi zote zikiwa zimetolewa, umeme wa koili umekatwa na mlango wa hewa wa kabureta umefunguliwa wote; kisha injini huzungushwa kwa stata. Fundi husoma tarakimu na kuilinganisha na kitabu cha gari. Lakini kitabu hicho kwa kawaida huwa na tarakimu za usawa wa bahari. Pistoni inayoshindilia hewa nyepesi hutoa mgandamizo mdogo kwa uwiano ule ule: injini ambayo ingesoma baa 10 Dar es Salaam itasoma takriban baa 8.5 Arusha, ingawa ni nzima kabisa. Asiyelijua jambo hili aweza kuifungua injini isiyo na kosa.

Njia ya kuaminika ni kuzilinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Zikisoma 8.5, 8.4, 8.5 na 8.3, injini ni nzima. Zikisoma 8.5, 8.4, 5.0 na 8.3, silinda ya tatu inavuja. Kijiko kimoja cha oili kikitiwa ndani yake na kipimo kikapanda, ringi ndizo zinazovuja, kwa kuwa oili imeziba nafasi zao. Kipimo kisipopanda, kosa laelekea kuwa la valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi iliyo katikati yao hushukiwa kwanza.

Kuhusu valvu, historia ya mafuta inahusika. Injini nyingi za zamani zilibuniwa kwa petroli yenye risasi, na risasi hiyo iliacha utando uliozilinda siti za valvu. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, petroli ya aina hiyo iliondolewa sokoni mwanzoni mwa mwaka 2006, hatua yenye manufaa makubwa kwa afya ya watoto. Lakini siti za chuma laini huliwa polepole bila kinga hiyo. Valvu huzama, uwazi wake hupotea, na mwishowe haifungi. Kwa hiyo uwazi wa valvu, ambao katika injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover Series III ni milimita 0.25, wapaswa kupimwa kila mara.

Iwapo silinda zote ni sawa

Yawezekana silinda zote zikawa sawa, na nguvu bado ikawa pungufu kuliko mlima unavyodai. Hapo hutafutwa kosa linalozihusu zote kwa pamoja. La kwanza kukaguliwa ni chujio la hewa. Udongo wa Meru umetokana na majivu ya volkano, na vumbi lake jepesi la kiangazi huziba chujio upesi.

Pili, hukaguliwa pointi za distributa, ambazo uwazi wake katika Land Rover iliyotajwa ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pointi zikichakaa, cheche hudhoofika na wakati wake huhama. Cheche dhaifu huweza kutosha gari likiwa limesimama, kisha ikashindwa mlimani, kwa sababu silinda iliyojaa mchanganyiko mwingi huhitaji volti nyingi zaidi.

Tatu ni mtiririko wa petroli. Injini inayofifia kidogo kidogo kwenye mwinuko, kisha ikapona baada ya kupumzishwa, yaelekea ina pampu dhaifu, chujio lililoziba, au petroli inayogeuka mvuke ndani ya mrija wenye joto. Jambo hili la mwisho hutokea kwa urahisi zaidi mahali penye kanieneo ndogo. Injini inayokatika ghafula yaelekea ina kosa la umeme. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hufanya injini igonge na kukosa nguvu. Ili kuzuia uchakachuaji huo, EWURA ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta.

Mwisho, mlio wa injini ukipanda huku mwendo wa gari usiongezeke, krachi inateleza. Na gurudumu likiwa la moto kupita mengine, breki zake zinashika. Katika hali hizo mbili injini haina kosa lolote.

Zoezi kwa shule

Walimu wa fizikia wa Arusha waweza kuonyesha msingi wa habari hii kwa sufuria na kipimajoto. Maji safi yachemshwe na halijoto yake isomwe. Hayatafika nyuzi 100 za Selsiasi. Yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa jedwali la kanieneo ya mvuke, wanafunzi watafute kanieneo ya hewa ya mahali pao na kuigawa kwa ile ya usawa wa bahari. Uwiano watakaoupata ndio ambao fundi aliye jirani na shule hana budi kuuzidisha kwa tarakimu ya kitabu chake, kabla hajaamua kama injini iliyo mbele yake ni nzima au ni gonjwa.