Kupima nguvu: tuchague chombo gani?

Shofere anakaza ekru za pine. Anasimama kwa mguu juu ya kle, kisha anasema: «Imetosha.» Imetosha kiasi gani? Hawezi kujibu. Walakini ekru isiyokazwa vizuri inalegea njiani, na pine inaweza kutoka. Ekru iliyokazwa kupita kiasi inavuta buloni mpaka ikatike. Basi, ni lazima kupima. Lakini kwa chombo gani? Kwanza tujue tunapima nini: nguvu ya kuvuta ao nguvu ya kuzungusha.

1. Nguvu ya kuvuta. Inahesabiwa kwa nyutoni. Kitu cha kilo 1 kinavutwa na dunia kwa nyutoni 9,8 hivi. Chombo chake ni dinamometri, na iliyo rahisi ni ile ya resori. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza sheria yake: nguvu ikiwa mara mbili, resori inarefuka mara mbili. Lakini sheria hii ina mpaka wake. Resori ikivutwa mno hairudi tena, na chombo kimeharibika. Kwa hiyo chagua dinamometri inayopita kidogo nguvu unayotazamia.

2. Nguvu ya kuzungusha. Hapa urefu wa kle unahesabiwa vilevile. Ukisukuma kwa nyutoni 200 mwisho wa kle ya metre 0,50, unapata nyutoni-metre 100. Kwa kle ya metre 1, nguvu ileile ya mkono inakupa 200. Ndiyo sababu mkono unatudanganya. Chombo kinachofaa ni kle dinamometriki: unaipanga kwenye hesabu, nayo ikifika pale inalia «tak». Hapo uache kusukuma.

3. Namna ya kuchagua. Soma kwanza kitabu cha motokari. Tuseme kinaomba 100: kle ya 40 mpaka 200 inafaa kuliko inayoishia 100. Kanuni ya kimataifa ISO 6789 inaruhusu kle ya namna hiyo kukosa 4 kwa 100, maana yake kati ya 96 na 104. Inataka pia ihakikishwe kila mwaka, ao kisha kukaza mara 5000. Usifungue ekru kwa kle hiyo. Kazi ikiisha, irudishe kwenye hesabu yake ya chini.

Mbali na mji, jaribu hivi: fungia kichwa cha kle katika eto ya garaji, mkono wake ulale sawasawa, tundika kilo 20 kwenye metre 0,50. Ni 98 hivi, na uzito wa kle unaongeza kidogo. Ukiipanga 80 isilie, ao ukiipanga 120 ikalia, usiiamini.

Seminarista anayejifunza fizika leo, kesho atakabidhiwa motokari ya misioni pamoja na watu waliomo. Asiseme «imetosha», aseme hesabu.