MCHANGA UNAOTOA UMEME

Huenda umeona paneli ya jua juu ya paa la nyumba. Haina moto, haina moshi, wala haina gurudumu linalozunguka. Hata hivyo huwasha taa. Umeme huo unatoka wapi? Ukijua jibu, utajua pia namna ya kuitunza paneli uliyoinunua kwa jasho lako.

Paneli nyingi hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni imo katika mchanga na katika mawe meupe magumu. Mawe hayo huyeyushwa kiwandani pamoja na makaa. Kisha silikoni husafishwa sana.

Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Ndani ya atomi mna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Umeme katika waya ni mwendo wa elektroni. Katika waya wa shaba elektroni nyingi ziko huru, kwa hiyo umeme hupita upesi. Katika plastiki elektroni zimeshikwa, kwa hiyo umeme haupiti. Silikoni iko katikati. Ndiyo maana huitwa nusu-kipitishi.

Kila atomi ya silikoni ina elektroni nne za nje. Kwa hizo hushikana na jirani zake wanne, kama watu walioshikana mikono. Hakuna mkono uliobaki. Basi silikoni safi hupitisha umeme kidogo sana.

Wataalamu huitia kitu kingine. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Nne hushika jirani, na ya tano hubaki huru. Hiyo ndiyo hubeba umeme. Ukitia atomi moja tu ya fosforasi kwa kila atomi milioni moja za silikoni, umeme hupita kadiri ya mara milioni moja zaidi. Ni kama chumvi: kidogo tu hubadili mchuzi wa chungu kizima.

Boroni nayo ina elektroni tatu za nje. Kwa hiyo huacha pengo. Fikiri benchi lililojaa watu, lenye nafasi moja tupu. Mtu wa jirani akisogea kuijaza, nafasi huhamia alipotoka yeye. Mapengo ya silikoni huhama vivyo hivyo, na umeme hupita.

Kila kipande cha silikoni katika paneli kina upande wa boroni na upande wa fosforasi. Mpakani, elektroni huru huvuka na kujaza mapengo. Kuvuka huko hujenga nguvu inayosukuma elektroni kuelekea upande wa fosforasi tu. Mwanga wa jua ukiingia, hung'oa elektroni nyingine. Mpaka huzisukuma upande mmoja. Ukiunganisha waya, elektroni hupita humo, huwasha taa, kisha hurudi upande wa boroni. Mwaka 1954, wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha watu paneli ya namna hii.

Sasa utunzaje paneli yako?

Kwanza, kumbuka kwamba kinachofanya kazi ni mwanga, si joto. Paneli ikipata joto sana, umeme wake hupungua. Usiilaze juu ya bati. Acha nafasi hewa ipite chini yake.

Pili, vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfuatano. Kivuli cha tawi moja kikifunika vipande vichache, umeme wa paneli nzima unaweza kupungua sana. Kata tawi hilo. Futa vumbi kwa maji na kitambaa laini.

Tatu, umeme wa paneli huenda upande mmoja. Tazama alama za + na − kabla ya kuunganisha waya. Ukizigeuza, unaweza kuharibu vyombo vyako.

MASWALI
1. Kwa nini silikoni safi hupitisha umeme kidogo?
2. Fosforasi huongeza nini? Boroni huacha nini?
3. Tazameni paneli moja kijijini kwenu. Je, imewekwa mahali pazuri?