Angalia Meno Kabla Hujalipia Mbuzi
Vijana, mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji nilinunua mbuzi jike mnadani kwa bei ya kutupa. Majani yapo, ila anazidi kukonda. Kumfunua mdomo, meno yamelika hadi karibu na fizi!

Mbuzi ana meno 8 ya mbele, yote taya la chini. Juu ni fizi ngumu tu. Meno 8 ya kudumu hutimia akiwa na miaka 4 hivi. Baadaye hulika, haraka zaidi malisho yakiwa mafupi na yenye mchanga, kisha huachana, hulegea na kung'oka.

Basi mshushe mdomo wa chini. Meno imara yaliyobanana, chukua. Yamebaki vigutu, yana mapengo au yanatikisika? Huyo wa kuchinja, si wa kuzalisha.